Mkeka Aliokataa Kukanyaga

Kwa nini anatumwa yeye tu?

Nilikuwa na miaka saba nilipouliza hivyo, nimechuchumaa kando ya jiko. Bibi yangu, tuliyemwita koko, alisogeza kuni. Mama yangu aliangalia mlango. Mama mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa anatumwa, alikuwa tayari amefunga kitambaa kichwani na kushika kikapu. Alicheka, kwa kuwa alijua swali linamhusu na alipenda kuhusishwa.

"Kula," koko aliniambia. "Ukimaliza, ulete sahani."

Ilikuwa miaka ya vita na mji wetu, Kindu, ulikuwa umezungukwa. Sisi tulikaa mtaa wa Alunguli, ng'ambo ya mto, na mashamba yetu yalikuwa nyuma ya nyumba za mwisho, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Njiani, karibu na nyumba hizo za mwisho, askari walikuwa wameweka bariere, mti mmoja uliolazwa juu ya mapipa mawili. Mbele ya bariere walikuwa watu wa msituni, waliopigana na askari hao. Mwanamume aliyepita kwenda shamba aliitwa mpelelezi, na akirudi mzima aliulizwa ni nani aliyemwachia roho yake. Wanawake waliopita walirudi wakiwa hawasemi. Mihogo yetu iliozea ardhini na sisi tulikula majani ya viazi yaliyochemshwa kwa chumvi, hadi chumvi nayo ikaisha.

Mama mdogo alikuwa na miaka ishirini na mitano hivi. Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene, macho yaliyopanda kidogo pembeni, vidole vifupi, na ulimi ambao haukutulia kinywani. Maneno yake yalitoka nusu nusu, ila sisi wa nyumbani tulimwelewa. Alizaliwa hivyo. Majirani wenye adabu walimwita mtoto wa Mungu, wasio na adabu walimwita pumbavu. Muuguzi mmoja alikuwa na neno lake la Kifaransa, la zamani, linalomfananisha mtu wa aina hiyo na taifa moja la mbali. Mpaka leo najiuliza watu wa taifa hilo walimkosea nini muuguzi wetu.

Askari wa bariere walimwita Komanda, kwa kuwa kila alipofika alipiga saluti kwa mkono wa kushoto. Niliwahi kumsindikiza mpaka nyumba ya mwisho na nikawasikia.

"Komanda, unaenda wapi?"

"Shamba."

"Utatuletea nini?"

"Sombe."

"Na nyama?"

"Nyama njo weye."

Kuambiwa kwamba nyama ni wao, walicheka mpaka mmoja akaweka bunduki chini. Wakainua mti, akapita. Upande wa pili nao walimwacha. Kwa hiyo alitumwa yeye. Alirudi na sombe, majani ya mihogo, mara nyingine na mihogo yenyewe, na nyumba tatu zilikula kutoka kwenye kikapu chake.

Siku moja alirudi mchana bila kikapu, bila kitambaa, bila kitenge cha juu. Watu walisema alipita bariere bila saluti. Alikaa nyuma ya jiko, miguu imenyooshwa mbele, akiangalia vidole vyake. Koko alimwingiza ndani, akafunga mlango na kumwosha. Nilisikia maji, sikusikia sauti. Siku kadhaa hakusema neno.

Juma lililofuata alitumwa tena. Akaenda.

* * *

Vita viliisha kama mvua inavyoisha kwetu, bila mtu kuweza kusema ni saa ngapi. Koko alifariki. Mimi nilikua, nikavuka mto kila asubuhi kwa mtumbwi kwenda chuo kikuu, nikasoma saikolojia kwa sababu ndiko walikoniambia kuna majibu. Nilikuwa mwanafunzi msumbufu. Nilimuuliza profesa amejuaje anachokijua, nikamuuliza mwalimu wa dini hivyo hivyo, na wote wawili walinishauri nipunguze. Nyumbani nilibishana na kila mtu kuhusu kila kitu, isipokuwa mama mdogo, ambaye alikubaliana nami kabla sijamaliza kusema.

Aliishi na mama yangu. Alichambua mchele, akafagia uwanja kwa mistari iliyonyooka, akasali. Katika sala hakujua maneno yote, lakini mwili wake ulijua. Wakati wa Ramadhani wanawake wa jirani walikuja kusali alasiri kwenye uwanja wetu kabla ya kwenda kupika futari, na mama mdogo alisimama mwisho wa safu, upande wa kushoto. Aliinama nao, akasujudu nao, akageuza uso kulia na kushoto sawasawa nao. Kwa mtu ambaye tangu utotoni aliambiwa hawezi, hiyo ilikuwa heshima yake yote.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu hivi tulipoona kosa la kwanza. Katikati ya sala, wengine wakiwa bado wamesimama, alikaa chini, akatoa salamu kulia na kushoto, akainuka kwenda zake.

"Leo mwenzetu amemaliza mbele yetu," alisema jirani mmoja baadaye.

"Iko na safari," alijibu mwingine, na wakacheka wote, mama mdogo akacheka zaidi.

Kesho yake alibaki amesujudu mpaka mama yangu akamwinua kwa mikono. Hakuna aliyecheka.

Mengine yalikuja polepole, na kwa muda tuliweza kuyapa sababu. Alitia chumvi mara mbili kwenye wali: alikuwa amechoka. Alitoka kwenda chooni akakutwa kwa jirani, amekaa kitandani kwa watu: alikuwa anatafuta mazungumzo. Aliniita yaya, jina alilomwita mama yangu, kwa kuwa mama yangu ni dada yake mkubwa. Tulifanana, tukasema. Alikasirika, yeye ambaye hakuwahi kukasirika, akarusha ungo na mchele ukamwagika wote. Alipoona mchele chini aliuliza nani amefanya ujinga huo.

Kisha mjomba, kaka yao, mfanyabiashara wa mchele, alirudi kutoka Kibombo na mkeka wa kusalia, zawadi kwa dada zake. Ulikuwa mpana, uliosukwa kwa ukindu uliotiwa rangi, mweusi karibu wote. Mama yangu aliutandika kwenye saruji ya baraza. Mama mdogo alikuja amekwisha kutawadha, akafika ukingoni mwa mkeka, akasimama. Alitanguliza kidole gumba cha mguu, akakirudisha. Wanawake wakamngoja. Mama yangu akamshika mkono na kumvuta taratibu, naye akashika nguzo ya nyumba kwa mkono wa pili na kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Siku tatu mfululizo ilikuwa hivyo. Siku ya nne mjomba alitamka neno ambalo safu nzima ilikuwa imekwishalisema kimoyomoyo.

"Iko na jini. Jini njo inakataaka mukeka wa sala."

"Na kama ni macho?" niliuliza.

"Macho gani? Mayai ya kuku chini ya kitanda anaonaka, mukeka hapana?"

"Basi jini inajuaje ule ni mukeka wa sala na haiko mukeka wa kulalia?"

"Hiyo haiko kitu ya kusoma ku univerisite," alisema mjomba, na wanawake wakaguna kwa kumuunga mkono.

Sikukubali. Nilifanya jaribio, nikajisifu kimya kimya kwa kulifanya. Saa nne asubuhi, wakati usio wa sala, nilitandika mkeka ule na kuweka juu yake ndizi mbivu anazozipenda. Nikamwita. Alifika ukingoni, akaziangalia ndizi, akanyoosha mkono mpaka karibu aanguke, lakini mguu hakuuweka. Kwa hiyo si sala, niliwaambia. Ni mkeka. Nilikuwa nimeukaribia ukweli kiasi cha kuugusa. Kisha, badala ya kuuangalia mkeka, nilikwenda kuangalia kitabu.

Kitabu kilikuwa na sura ndefu kuhusu watu walioumizwa vitani: kwamba maumivu hulala miaka mingi, kwamba kitu kidogo huyaamsha, kwamba mtu husahau, hukasirika, hurudi nyuma kama mtoto. Nilipiga mistari karibu chini ya kila sentensi. Nilimwona mama mdogo chini, njiani, mbele ya bariere. Nilijua sasa kwa nini haweki mguu juu ya kitu kilichotandikwa. Na kama ni vita vilivyomfunga, basi kuna njia ya kumfungua, na njia hiyo niliisomea mimi. Nilitaka kumrudisha. Usiku na mchana sikutaka kitu kingine: aniite tena kwa jina langu.

Nilianza na mama yangu. Alikuwa anatwanga sombe.

"Mulimutuma tena," nilisema. "Juma moja nyuma ya ile siku, mulimutuma tena."

Mchi haukusimama. "Ndiyo."

"Koko alimutuma?"

"Koko alikataa."

"Basi nani?"

"Miye."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi na nikayasema yote. Nilisema walimtumia kama punda kwa kuwa hakujua kukataa. Nilisema hili tunaloliona leo ni kazi ya mikono yao. Mama yangu alimaliza kutwanga, akakusanya majani yaliyorukia pembeni, akayarudisha kinuni.

"Miguu yako ilikuwa imevimba," alisema. "Nywele yako ilikuwa imekuwa nyekundu. Ulikuwa unalala tu, haulii tena. Mutoto wa jirani alianza vile vile, tukamuzika. Njo nikamuvalisha kitenge yangu, nikamuambia, enda utafutie mutoto mihogo. Akaenda." Kisha akaniangalia. "Sasa umeuliza. Uko muzuri?"

Sikuwa mzuri. Sikumbuki kuvimba miguu, wala sikumbuki kulala siku nzima, na nilikuwa nimejenga maisha yangu juu ya kutoamini nisichokiona. Hili niliamini mara moja. Tangu hapo kila mama mdogo aliposimama mbele ya mlango asijue wa kuingia au wa kutoka, nilijua ni kwa ajili ya mihogo niliyokula mimi. Na kumrudisha halikuwa tena jambo la huruma. Lilikuwa deni la mwili wangu.

Alizidi kushuka mbele ya macho yangu. Alianza kuvaa blauzi miguuni. Hakukumbuka kama amekula, kisha akasahau kula kukoje, akashika tonge mkononi mpaka likapoa. Nilikaa naye kila jioni nikimuuliza kuhusu shamba, kuhusu askari, kuhusu ile siku, kwa sauti ya upole niliyofundishwa. Alilia mara nyingi. Nilifurahia machozi yake, nikaandika kwenye daftari kwamba mlango unafunguka. Mama yangu alisimama nyuma yangu mara moja, akasema, "Mwache apumzike," nami nikamjibu kwamba kupumzika ndiko kulikomfikisha hapa.

Ndipo nikaamua kumpeleka penyewe, kwenye njia ya shamba.

Tuliondoka asubuhi, yeye na mimi, kwa miguu. Jua lilikuwa limetoka na njia ilikuwa nyeupe. Kila kivuli cha mti kilipokata njia alisimama, akatanguliza kidole, akanishika kwa nguvu. Mwendo wa nusu saa ulituchukua saa mbili. Nilihesabu kila kusimama kwake kama ushahidi: anakumbuka, mwili wake unakumbuka. Pale palipokuwa na bariere sasa ni kituo cha vijana wa moto, pikipiki za kukodi, wanaopakia abiria na magunia ya mkaa. Hakuna pipa wala mti.

"Unapajua hapa?" nilimuuliza.

"Niende kwa mama," alisema.

"Mama alikufa, mama mudogo. Angalia. Hapa njo kulikuwa bariere."

Aliangalia. Uso wake ulikunjamana kama mtoto anayepewa habari ya msiba kwa mara ya kwanza, na kwake ilikuwa mara ya kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia hivi punde kwamba mama yake amekufa. Mkono wa kushoto ulianza kupanda. Nilidhani ni saluti. Nilikaribia kucheka kwa furaha. Lakini mkono ulipita kichwa, ukakakamaa angani, macho yakageuka, akaanguka chali na mwili wote ukaanza kutetemeka. Povu lilitoka. Vijana wa moto walikuja mbio, kisha wakasimama mbali, kwa kuwa kwetu mtu wa kifafa haguswi ovyo. Nilimshika kichwa peke yangu. Nilimwita kwa majina yote aliyowahi kuitwa, mpaka Komanda.

Kijana mmoja mwishowe alikubali kutubeba. Mama mdogo alikaa katikati, kati ya mgongo wa dereva na kifua changu, kichwa kimelalia bega langu, amelowa.

"Umemupeleka ku njia ya musitu," mjomba alisema tulipofika. Hakupaza sauti. "Jini ya mutu unaipeleka kwao, unatafuta nini?"

Nilikuwa na kitabu kilichopigwa mistari na mwanamke aliyelala kwenye baraza asiyejua yuko wapi.

Mwalimu wa Kurani aliitwa, mzee mpole, akamsomea siku saba. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji, na maji hayo yakawa kombe la mgonjwa kunywa asubuhi na jioni. Mimi, niliyebishana na kila mtu, ndiye niliyeshika sahani. Sikuamini, lakini kutoamini kwangu hakukuwa na kitu kingine cha kumnywesha. Alikohoa kila mara alipokunywa. Maji yalimtoka puani. Mwalimu alisema ni jini anayepigana, na mimi niliinamisha sahani tena taratibu, kwa kuwa alikuwa ameacha kusema, ameacha kutembea, na jambo pekee alilobaki kuweza kulifanya kwa ajili yetu lilikuwa kufungua kinywa alipoguswa mdomo.

Kifafa kilirudi mara nyingi. Kisha homa na kifua. Hospitalini waliandika mapafu, wakatupa dawa ya mapafu. Hakuna aliyeuliza alikuwaje kabla, na mtu mwenye uso ule huonekana kwa watu kama aliyezaliwa bila la kusahau. Alifariki asubuhi ya Ijumaa, ana miaka arobaini na sita hivi. Mama yangu ndiye aliyemwosha. Alinizuia mlangoni, hakuniambia kwa nini, nami kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza.

Tuliishi nyumba moja tangu hapo, mama yangu na mimi, tukisemeshana kuhusu mkaa na maji tu. Yeye alijua ninachomlaumu. Alijua pia kwamba najilaumu, na hilo hakuweza kulipunguza bila kusema kwamba ingekuwa afadhali ningekufa mimi wakati wa vita.

Miaka miwili ilipita. Nilipata kazi ya kuandika mahojiano ya wagonjwa kwa daktari mmoja kijana, mwanamke aliyekuja Kindu kwa miezi michache kuangalia wazee wanaopoteza kumbukumbu. Siku moja, tukiwa tumekaa tukisubiri mvua iishe, alinitajia jina ambalo vitabu huwapa watu waliozaliwa kama mama mdogo, akaniuliza kama nimewahi kuishi na mmoja wao. Nilimweleza. Nilianza na sala, nikaendelea mpaka kifua.

Alinieleza kwamba ubongo unaougua ugonjwa wa kusahau huacha kupima kina. Kitu cheusi kwenye sakafu nyeupe huonekana kama shimo, na kivuli njiani ni shimo lingine. Tungetandika mkeka mweupe, alisema, huenda angesali. Alinieleza kwamba kwa watu hawa kifafa mara nyingi huja pamoja na ugonjwa wenyewe, na kwamba koo nalo husahau kumeza, kwa hiyo maji mepesi huteleza mapafuni, wakati uji mzito ungeshuka. Alisema haya kwa upole na nilitamani ayaseme kwa ukali. Nilimuuliza swali moja tu, kuhusu vita. Nilimuuliza kama ni vita vilivyouleta.

Alisema hapana. Kila seli ya mwili wa mama mdogo ilikuwa na nakala moja ya ziada ya kitu cha urithi ambacho sisi wengine tuna nakala mbili tu, na ndani ya nakala hiyo mna maagizo ya kutengeneza uchafu unaoziba ubongo. Watu wa namna yake huanza kuukusanya wakiwa bado vijana, na wengi wao, wakiishi kupita miaka arobaini, huanza kusahau, hata wale wa nchi zisizo na vita. Ugonjwa ungemjia hata kama asingetumwa popote.